Mji Usio na "Road": Niliyojifunza Nikigawa Barua Uingereza

Anayegawa barua huyajua majina ya mitaa kwa namna yake. Huyasoma juu ya bahasha kabla jua halijachomoza, huyapanga kwa mfuatano wa milango, kisha huyaendea kwa miguu, na baada ya muda kila jina huwa kwake ni mteremko fulani, mbwa fulani, na tundu la barua linalobana vidole. Kazi hiyo niliifanya kwanza katikati ya London na baadaye katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, na ndiyo iliyonifundisha historia ya maneno ambayo Waingereza huyatumia kutaja njia. Nilikuwa nimekulia Mombasa na nilikuwa na Kiingereza kizuri cha shuleni. Katika Kiingereza hicho "road" lilikuwa neno la kwanza, na haya mengine, "street", "lane", "alley", "way", yalikuwa ndugu zake wadogo.

Katika ofisi ya kupangia barua London kulikuwa na mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa mashariki ya jiji, ambaye kila mgeni wa kazi alimtegea kitendawili kile kile. Alimtaka ataje "road" moja tu iliyomo ndani ya City, yaani ile London ya kale yenye ukubwa wa takriban maili moja ya mraba, ambako leo zimejazana benki na kampuni za bima. Mtu alifikiri, akataja jina, akaambiwa hilo liko nje ya mpaka. Akataja jingine, nalo likawa nje. Ndani kuna Bread Street na Milk Street, zilizopewa majina ya mikate na maziwa yaliyouzwa hapo. Kuna Lombard Street, walikokaa wafanyabiashara wa fedha kutoka Lombardia ya Italia. Kuna Cheapside, ambalo asili yake ni neno la kale la soko na biashara, wala halihusiani na urahisi wa bei. Kuna "lane" nyingi, "alley" nyingi na "court" nyingi. "Road" hakuna.

Mwenye kujua zaidi angemjibu yule mama kwamba tangu mwaka 1994, mipaka ilipochorwa upya, upande mmoja wa Goswell Road uliingia ndani ya City, na yeye angekubali kwa shingo upande, akisema kwamba hiyo ni hila ya maofisa na haihesabiki. Kwa maoni yangu alikuwa na haki ya kukasirika. Kwa karne nyingi eneo hilo halikuwa na "road" hata moja, na sababu yake ni nzuri kuliko kitendawili chenyewe: mitaa ile ilikwisha kupata majina yake kabla neno "road" halijaanza kuwa na maana ya barabara. Maana hiyo ilijitokeza mwishoni mwa karne ya 16. Kwa hiyo neno ambalo mimi nililiona kuwa mzee wa ukoo ndilo kitinda mimba.

Kabla ya hapo neno lilikuwapo, ila lilikuwa na kazi nyingine. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "rad", na lilitokana na kitenzi cha kupanda farasi, kile ambacho leo ni "ride". Lilitaja tendo: kwenda juu ya mnyama, kusafiri, kushika safari. Washairi wa zama hizo waliiita bahari "hronrad", safari ya nyangumi, na katika jina hilo mtu huona wazi kwamba hapakuwa na ardhi wala mawe yaliyokuwa yakifikiriwa, kwa maana nyangumi hana barabara. Ana mwendo tu. Kutoka katika mwendo wa watu wenye farasi likazuka pia tendo la kuvamia, kwa sababu kundi la wapanda farasi likija kijijini kwako mara nyingi halikuja kwa heri. Huko Scotland matamshi yao yalihifadhi maana hiyo katika umbo la "raid", neno ambalo lilikuwa limefifia hadi mwandishi Walter Scott alipolifufua mwanzoni mwa karne ya 19. Leo mtu husoma katika gazeti kwamba polisi wamefanya "raid" kwenye "road" fulani, bila kujua kwamba mbele yake yamesimama mapacha waliolelewa nyumba mbili.

Mtoto wa Mombasa hawezi kuliacha jambo hili bila kuitaja bahari. Kwa Kiingereza meli iliyotia nanga husemwa kuwa "imepanda" juu ya nanga yake, kwa kitenzi kile kile cha farasi, na mahali penye maji tulivu nje ya bandari, ambapo meli husubiri zamu, paliitwa "road" au "roads". Ndiyo maana kuna Hampton Roads huko Virginia, Marekani, na Carrick Roads huko Cornwall, na mgeni anayetafuta lami mahali hapo atalowa. Nilipojua hivyo nilizikumbuka meli nilizoziona utotoni zikingoja nje ya mlango wa Kilindini, nikaona kwamba neno hilo lingezifaa kuliko linavyoifaa Edgware Road ya London, yenye foleni isiyokwenda mbele wala nyuma.

Neno la zamani hasa, na ambalo tabia yake ni kinyume cha "road", ni "street". Hilo ni la Kilatini. Warumi waliiita barabara iliyosakafiwa "via strata", njia iliyotandazwa mawe, na makabila ya Kijerumani yaliichukua "strata" mapema sana, hata kabla baadhi yao hawajavuka bahari kuja Uingereza, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa geni kwao: walikuwa na njia, lakini hawakuwa na njia zilizojengwa. Wajerumani wa leo husema "Strasse" kwa asili hiyo hiyo. Kwa hiyo "street" lilianza kwa mwashi, na "road" likaanza kwa msafiri. Katika majina ya vijiji na miji ya Uingereza ukiona Stratford, Stretton au Streatham, mara nyingi utakuta barabara ya Kirumi ilipita hapo au karibu na hapo, na walioipa mahali jina waliijua barabara hiyo kama kitu cha ajabu kilichoachwa na watu wengine.

Tofauti hiyo ilinisaidia hata kazini, kwa kiasi fulani. Katika majina ya zamani, "road" mara nyingi hutaja mahali njia inakokwenda, na "street" hutaja kilichopo mahali hapo. Old Kent Road inakwenda Kent, na Edgware Road inakwenda Edgware. Zote mbili, kwa kweli, ni vipande vya barabara moja ya Kirumi iitwayo Watling Street, ambayo ilitoka pwani ya Dover, ikapita London, ikaelekea kaskazini-magharibi. Oxford Street, ile ya maduka makubwa, iliwahi kuitwa Tyburn Road na pia Oxford Road ilipokuwa njia ya kutoka mjini kupita mashambani. Katika karne ya 18, nyumba zilipozidi kujengwa pande zote mbili, ikapata kuwa "street". Watu walipoacha kupita tu na wakaanza kukaa, neno lilibadilika. Wajenzi wa siku hizi wamevuruga kanuni hiyo, kwani wao huchagua jina kwa sababu linasikika vizuri kwa mnunuzi wa nyumba, na ndiyo maana mitaa mipya imejaa "Way" na "Drive" ambazo haziendi kokote na "Grove" zisizo na mti.

Nilihamia York kwa sababu za kifamilia, nikapata kazi ile ile, na wiki ya kwanza nikadhani nimepewa orodha ya malango. Stonegate, Petergate, Goodramgate, Coppergate, Skeldergate, Walmgate, Fossgate, Micklegate: kila bahasha ilikuwa na "gate", neno ambalo kila mwanafunzi hujua kuwa ni lango. Nikifika Coppergate sikuona lango lolote, bali maduka. Malango halisi yapo, tena ya fahari, yametobolewa katika ukuta wa mawe unaouzunguka mji wa kale, lakini hayo yanaitwa "bar": Bootham Bar, Monk Bar, Walmgate Bar, Micklegate Bar. Wenyeji wana msemo wao wa kuwachezea wageni, kwamba York mitaa ni malango, malango ni baa, na baa ni pub.

Sababu ni Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia. Waliuteka mji mwaka 866, wakauita Jorvik, na mfalme wao wa mwisho pale, Eric Bloodaxe, alifukuzwa mwaka 954. Ni chini ya karne moja, lakini katika muda huo lugha yao iliingia katika usemi wa watu wa kaskazini kwa kina ambacho majeshi hayakukifikia. Kwao "gata" ni njia au mtaa. Hadi leo Msweden husema hivyo hivyo. Nilipokuwa mgeni nilidhani kila "gate" ya York iliwekwa na Mviking mwenyewe, lakini mambo hayakuwa mepesi hivyo. Neno lilibaki hai katika Kiingereza cha kaskazini karne nyingi baada ya utawala wao kuondoka, na watu wa zama za kati, ambao walikuwa Waingereza na Wakristo, waliendelea kulitumia kuita mitaa yao mipya. Petergate, kwa mfano, ni mtaa wa Mtakatifu Petro, msimamizi wa kanisa kuu la York. Jambo hilo lilinivutia kuliko vita vyote: neno la mvamizi likawa la mvamiwa, akauita kwalo mtaa wa kanisa lake.

Coppergate inastahili kusemwa kwa urefu kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niyaheshimu majina. Mtu hudhani ni mtaa wa shaba, kwa jinsi linavyosikika. Wataalamu wa majina walikwisha kusema kwamba asili yake ni "koppr", kikombe, na kwamba ni mtaa wa waliokereza vikombe na mabakuli ya mbao. Kati ya mwaka 1976 na 1981 wanaakiolojia walichimba hapo kabla ya kujengwa maduka, na katika udongo wenye unyevu, ambao huhifadhi mbao na ngozi, walizikuta nyumba za mafundi wa zama za Waviking, pamoja na vile vipande vya katikati vinavyobaki baada ya bakuli kukerezwa. Jina lilikuwa limeyashika mabaki ya karakana kwa zaidi ya miaka elfu moja, wakati hakuna mtu aliyekuwa hai aliyewahi kuiona. Mwaka 1984 palifunguliwa jumba la makumbusho papo hapo, na watalii hupanga foleni mlangoni. Wapo wanaoona kwamba jumba hilo limezidisha michezo na harufu za kutengenezwa, nami ni mmoja wao, ila sikatai kwamba lilizaliwa na ugunduzi wa kweli.

Micklegate ndiyo iliyonigusa nyumbani. Ni mtaa mpana unaopanda kutoka mto Ouse hadi lango la kusini-magharibi, lile ambalo kwa desturi wafalme waliingilia, na ambalo juu yake vilitundikwa vichwa vya waliohukumiwa kwa uhaini. Mwenzangu wa zamu, mtu wa Yorkshire aliyekuwa amegawa barua tangu ujana wake, aliniambia kwamba "mickle" kwa bibi yake ilikuwa bado ni neno la kila siku lenye maana ya kubwa au nyingi. Basi Micklegate ni Njia Kuu. Nikamweleza kwamba kwetu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, nyuma ya Ngome ya Yesu, upo mtaa uitwao Ndia Kuu, kwa Kimvita ambacho husema ndia pale Kiswahili sanifu kinaposema njia. Nikamweleza pia kwamba katika ramani unaandikwa Ndia Kuu Road. Alicheka sana, kwa sababu aliona mara moja kilichotokea: watawala waliokuja walikuta jina ambalo tayari lilikuwa na njia ndani yake, nao wakaibandika njia ya pili kwa lugha yao, kwa kuwa ile ya kwanza hawakuisikia. Huko York kuna watu waandikao "Micklegate Street" kwenye bahasha. Barua hizo hufika, lakini mwenzangu alikuwa akizisoma kwa sauti ya kusikitika.

Chini ya "gate" hizo kuna tabaka jingine. York ilianza mwaka 71 kama kambi ya jeshi la Warumi iliyoitwa Eboracum, na kambi zao zilipangwa kwa mfumo mmoja: njia mbili kuu zinazokutana mbele ya makao ya kamanda. Stonegate imefuata mstari wa moja ya njia hizo, na Petergate imefuata ya pili. Askari walizijua kwa majina ya Kilatini, Waviking na wazao wao wakaziita "gata", na mimi nilizipita nikiwa na mfuko begani. Majina yalibadilika kila walipobadilika wenye mji, lakini watu waliendelea kukanyaga pale pale, pengine kwa sababu rahisi kabisa, kwamba aliyeamka asubuhi hupita alipopita jana.

Kadiri nilivyozidi kuuliza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba maneno mengi ya Kiingereza ya njia yanalala upande wa msafiri, na machache upande wa mwashi. "Alley" limetokana na Kifaransa cha kale, kitenzi cha kwenda. "Avenue" ni kufika, kwa asili ile ile ya Kifaransa, yaani njia inayomfikisha mtu kwenye nyumba kubwa. "Way", lililo la zamani sana na ambalo si la kuazima, lina mzizi mmoja na "wagon", gari la kukokotwa, na mzizi huo maana yake ni kubeba na kwenda. "Route" ndiyo iliyo upande wa pili pamoja na "street": ni Kilatini "rupta", njia iliyovunjwa na kufunguliwa kwa nguvu katika msitu au mwamba. Makondakta wa matatu wanaoniuliza niko ruti gani hawajui kwamba wanataja shoka, wala hawana haja ya kujua.

Vichochoro vya York nilivipenda kuliko mitaa. Watu wa Yorkshire huviita "ginnel" au "snicket", na mwaka 1983 mwenyeji mmoja, Mark W. Jones, aliyachanganya maneno hayo na "alleyway" akabuni "snickelway", ambalo leo limeandikwa kana kwamba lilikuwapo tangu enzi. Mzaliwa wa Mji wa Kale hahitaji kufundishwa kupita kichochoroni kwa ubavu ili mwenzake apite.

Somo la mwisho lilitoka katika kijiji kimoja nje ya York ambacho kwa muda kilikuwa katika zamu yangu. Kulikuwa na kijia kati ya nyumba mbili, kinachotoka kwenye kituo cha basi hadi dukani, na mwenye nyumba mpya akaweka lango lenye kufuli. Wanakijiji walikasirika. Mmoja wao, mwalimu mstaafu, alinieleza mlangoni kwake, kwa utaratibu wa mtu aliyezoea ubao, kwamba sheria ya barabara ya Uingereza ya mwaka 1980 ina kifungu kinachosema kwamba umma ukipita mahali kwa miaka 20 mfululizo, kwa haki na bila kuzuiwa, mahali hapo huchukuliwa kuwa pametolewa kwa umma, isipokuwa pakiwa na ushahidi kwamba mwenyewe hakuwa na nia hiyo. Alikuwa akikusanya fomu za mashahidi, kila mmoja akieleza amepita tangu lini, kwa miguu au baiskeli, na mara ngapi.

Nilijitolea kujaza fomu, nikiamini kwamba hakuna aliyekipita kijia kile kuliko mimi. Akanikatalia kwa upole. Sheria inataka upitaji usio wa nguvu, usio wa siri na usio wa ruhusa, akasema, na mgawa barua anayekwenda kwenye milango ya nyumba zile amepewa ruhusa na wenye nyumba, hata kama hawakuitamka. Nyayo zangu hazikuhesabika. Zilihesabika za kina mama waliokwenda kununua maziwa na watoto waliokimbilia basi, kwa kuwa wao hawakuomba na hawakupewa. Nilirudia maneno hayo kichwani njia nzima: ruhusa huua haki. Katika sheria ile "highway" ni haki ya umma ya kupita na kurudi, wala si lami, na msemo wa mahakama zao ni kwamba ikiwa "highway" mara moja, itabaki hivyo daima, mpaka iondolewe kwa taratibu za kisheria. Hapo ndipo "rad" ya kale iliponirudia. Waingereza waliita mwendo, wakaishia kuita ardhi, lakini wanasheria wao walibaki wakilinda mwendo.

Shauri lilichukua muda mrefu kuliko nilivyokaa kijijini humo, nami nikapelekwa zamu nyingine. Baadaye mwenzangu wa Yorkshire aliniambia kwamba kijia kimeingizwa katika ramani rasmi ya njia za umma, ile ambayo sheria ya mwaka 1949 ilizitaka halmashauri za kaunti zichore, na kwamba lango limeondolewa. Kimeandikwa "footpath", na kina namba. Hakuna "street" wala "road" katika jina lake, kwa kuwa hakina jina, lakini machoni mwa sheria ni "highway" kama ilivyo Micklegate, na atakayekiziba bila idhini atashtakiwa kwa kifungu kile kile cha mwaka 1980 ambacho angeshtakiwa nacho kama angeiziba Oxford Street.